Barua ya Papa Mkubwa kwa Gavana

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba barua imefika. Sikuijibu, sikuipeleka, na kwa sheria sikupaswa kuisoma zaidi ya mstari wa juu. Nilikuwa karani wa daftari katika ofisi za jimbo hapa Kisangani, enzi ambazo Wazungu waliuita mji huu Stanleyville na sisi tuliendelea kuuita kwa jina lake. Barua ikiingia niliipiga muhuri wa tarehe, nikaipa namba, nikaandika katika daftari kubwa imetoka kwa nani na inahusu nini, kisha nikaitia katika jalada la mkuu wa ofisi. Barua ikitoka, vivyo hivyo. Meza yangu ilikuwa dirishani, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa karani yeyote katika nyumba ile. Sisemi kwa kujisifu. Uzuri wa mwandiko ule haukumfaa mtu yeyote niliyempenda.

Mkuu wa ofisi, Mbelgiji mnene aliyependa mambo yaende taratibu, alinifundisha Serikali siku yangu ya kwanza kama katekista anavyofundisha amri kumi. Brussels yuko Waziri. Chini yake, Leopoldville, yuko Gavana Mkuu. Chini ya Gavana Mkuu wako magavana wa majimbo, na wa kwetu alikaa katika nyumba nyeupe inayotazama mto. Chini ya Gavana wako makomiseri wa wilaya. Chini ya komiseri wako wasimamizi wa teritwari, ambao kila mtu aliwaita mabwana teritwari, na hao wana maajenti wao vijana wanaozunguka vijijini na meza za kukunja. Hapo Wazungu wanakwisha. Halafu tunaanza sisi: mashefu, na chini ya mashefu makapita wa vijiji.

"Hakuna anayeruka daraja," aliniambia, "si kwa kupanda, si kwa kushuka. Ukishika hilo, umeshika kazi yote."

Nililishika. Jumapili, tukiwa makarani tumekaa mtaani kwetu Kabondo, katika cité, upande wa mji wa Waafrika, tumevaa mashati ya kupigwa pasi, mtu akiitaja Serikali kwa jina la watu, akisema "Bula Matari amekataa hiki, Bula Matari ametaka kile", mimi nilimsahihisha. Nilimwuliza, ni daraja gani la Bula Matari limekataa? Kwa sababu kama ni bwana teritwari, juu yake yuko komiseri, na mtu anaweza kulalamika. Wenzangu walicheka na kuniita Gavana. Nami moyoni nilipenda.

Sisi ni watu wa mtoni. Kijiji chetu kilikuwa chini ya mji, upande wa kwenda Yangambi, kutwa nzima kwa mtumbwi ukifuata maji. Baba yangu alikufa maji nikiwa sijaota meno ya pili, na aliyenilea ni kaka yake mkubwa, niliyemwita papa mkubwa. Yeye ndiye alikuwa shefu wetu. Sheferi yake ilikuwa ndogo, vijiji vichache tu vya wavuvi vilivyopangana kando ya maji, lakini ilikuwa na baraza lake, muhuri wake na daftari lake la watu, na yeye alikuwa na medali ya shefu aliyoivaa shingoni kwa mnyororo siku ajenti akija. Hakujua kusoma. Kesi alizoamua alizikumbuka zote, na majina ya mashahidi, na hali ya maji siku ile. Ndiye aliyenipeleka kwa mabruda wa misioni. Ndugu zake walimwambia mtoto wa mtu aliyekufa maji anatakiwa ajifunze nyavu za babaye. Yeye akajibu, "Nyavu tuko nazo. Mutu wa kusoma hatuna."

Katikati ya miaka ya hamsini teritwari yetu ilipata bwana mpya. Alikuwa kijana, mwembamba, mchapakazi, na sitasema alikuwa mkatili, kwa maana sikusikia hata siku moja kwamba alimpiga mtu. Alipenda ramani. Aliona katika teritwari yake sheferi ndogondogo nyingi, kila moja na baraza lake na karani wake, akaandika kwa wakubwa kwamba ni heri ziunganishwe ziwe sekta moja kubwa, yenye baraza moja, zahanati moja na shefu mmoja anayejua kazi. Ile ripoti niliipa namba kwa mkono wangu. Katika safu ya "inahusu nini" niliandika "Kupanga upya sheferi". Nilipoisoma niliona hoja zake ni nzuri. Ukweli ndio huo: niliona ni nzuri, kwa sababu kwenye karatasi sikuona mtu.

Wiki chache baadaye papa mkubwa alitokea mlangoni kwangu Kabondo pamoja na mke wake, mama mkubwa, wameshika kikapu cha samaki wa kukaushwa. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya siku nane mfukoni, maana hata shefu mwenye medali hakuweza kutoka teritwari yake bila karatasi. Mke wangu aliwapikia lituma ya ndizi za kuponda. Papa mkubwa hakula. Aliisogeza sahani pembeni akaniuliza polepole:

"Mutoto, wanasema mimi siko tena shefu. Iko kweli?"

Nikamwomba anieleze. Bwana teritwari alikuja, akaweka meza yake chini ya paa la baraza, akaita wazee wa vijiji vyote. Mkalimani alikuwa mtu wa msituni, wa kabila la jirani.

"Alituuliza kama tunapenda amani na watu wa pori," papa mkubwa alisema. "Tukasema tunapenda. Akatuuliza kama kukitokea kesi kati yetu na wao, iko muzuri iamuliwe ku baraza moja. Tukasema iko muzuri. Akasoma karatasi kwa Kifaransa, akatupa wino, tukaweka vidole. Nani atakataa amani? Kumbe siku ile tulikuwa tunasema tumekwisha."

Baada ya mwezi, ajenti alikuja kuchukua muhuri na daftari la watu. Shefu wa sekta mpya alikuwa mtu wa msituni aliyewahi kuwa mnyapara katika shamba la michikichi, anajua Kifaransa kidogo na ana baiskeli. Baraza lilikuwa kwake sasa, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mtoni. Mtoto akizaliwa, mtu akifa, wavuvi wakigombania mahali pa kutegea, ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Na zaidi ya hapo, watu wa mtoni walikuwa wameambiwa wajiandae kuhamia barabarani, ili ajenti na daktari waweze kuwafikia kwa gari, na kila mwanamume apate shamba lake la pamba.

"Sisi pamba tunajua nini?" mama mkubwa aliuliza. "Tutaivua?"

Papa mkubwa alikuwa amekwisha amua. Kesho yake angevaa medali yake, aende mpaka nyumba ya Gavana, agonge. "Ile nyumba mi naiona kila nikipita na mutumbwi," alisema. "Haiko mbali. Nitamwambia maneno yangu kwa mudomo. Mutu mukubwa anasikia mutu mukubwa."

Hapo ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

"Papa, hauwezi kugonga," nikamwambia. "Polisi watakurudisha. Lazima uandike barua, na barua iko na njia yake. Inaanza kwa bwana teritwari."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Namushitaki yeye, na barua namupa yeye?"

"Ndiyo, papa. Yeye anatia maneno yake chini, anapeleka kwa komiseri. Komiseri anatia yake, analeta kwa Gavana. Ukiruka, barua inashushwa mpaka kwake kulekule, na tena umeonekana mutu hana adabu."

"Na akiitupa?"

"Hawezi kuitupa. Itakuwa na namba."

Nilisema hivyo kwa imani kamili. Mke wangu, aliyekuwa anakusanya sahani, alisimama akanitazama. Yeye alikuwa mtoto wa kibarua wa Yangambi, amekulia karibu na Wazungu wa utafiti na mashamba yao ya majaribio, na hakuwa na imani na kitu chochote kilichoandikwa. Aliniita uani.

"Wewe ndiyo utaandika?"

"Nani mwingine?"

"Watajua ni wewe."

"Nitaandika kwa herufi za kuchapa, kama mtoto wa shule."

"Herufi utaficha," alisema. "Maneno yako utaficha na nini?"

Sikumsikiliza. Jioni ile tulikaa mezani, papa mkubwa akisema na mimi nikiandika. Alisema vizuri sana. Alisema mto ndio barabara yetu, na hakuna mtu anayeondoa watu barabarani kuwapeleka barabarani. Alisema wale wazee waliweka vidole kwa ajili ya amani, na kwa hiyo vidole virudishwe au amani iletwe. Mimi hayo sikuyaandika. Niliandika kwamba aliyetia kidole hapo chini ana heshima ya kuleta mbele ya ujuzi wa juu wa Mheshimiwa Gavana mambo yafuatayo. Niliandika "kwa kuzingatia" mara tatu na "tafadhali upokee" mwishoni. Nilipomsomea kwa Kiswahili aliuliza, "Na ile ya vidole iko wapi?" Nikamwambia imo ndani, kwa lugha ya Serikali. Akatikisa kichwa, akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya barua kwa uangalifu, kama mtu anayegusa kidonda.

Alirudi kwao akaipeleka mwenyewe kwa bwana teritwari. Baadaye niliambiwa bwana aliipokea kwa adabu, akamwambia itapanda. Na kweli ilipanda.

Ilinifikia baada ya miezi minne. Niliitambua kabla sijaitoa kwenye bahasha, maana karatasi ya mirabamiraba niliyoinunua Kabondo ilionekana pembeni, kati ya karatasi nyeupe nzito za wakubwa. Ilikuwa asubuhi, ofisi imejaa mlio wa mashine za kupiga chapa. Nikasoma yale nisiyopaswa kusoma.

Bwana teritwari alikuwa ameandika kurasa mbili. Mlalamikaji ni mzee wa fikra finyu anayesikitikia ukubwa wake wa zamani. Wazee wote walishauriwa na wakakubali bila kulazimishwa. Vidole vyao vimeambatishwa. Wakazi wa mtoni wangehamia barabarani kwa furaha kama mzee huyu asingewakataza. Halafu mstari mmoja ulionifanya nishike meza. Msimamizi anaomba wakubwa watambue kwamba lugha ya barua hii ni lugha ya ofisi, na kwamba bila shaka nyuma ya mzee asiyesoma yuko karani fulani wa mjini, ambaye ingefaa atafutwe. Mwisho alipendekeza mzee aondolewe kwa muda usiojulikana akae teritwari nyingine, ili sekta mpya itulie.

Komiseri wa wilaya aliandika chini yake mistari miwili tu. Anakubaliana na msimamizi wake.

Nilichukua kalamu. Namba, tarehe, imetoka kwa nani. Katika safu ya "inahusu nini" ilinibidi niandike, kwa sababu ndivyo jalada lilivyoandikwa juu: "Malalamiko ya aliyekuwa shefu". Niliandika. Mwandiko ulibaki mzuri vilevile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini haukuharibika.

Yako mambo ambayo ningeweza kuyafanya. Barua hupotea, karatasi moja ikianguka nyuma ya kabati hukaa huko mpaka kabati lihamishwe. Ningeweza kuichelewesha wiki, mwezi. Niliyawaza yote hayo, kalamu mkononi, na wakati bado nawaza mkuu wa ofisi alikuwa amekwisha simama nyuma yangu.

Alichukua jalada, akasoma akiwa amesimama, kisha akanyoosha mkono.

"Kitabu chako cha utambulisho."

Nilimpa. Aliangalia mahali palipoandikwa sheferi ya asili. Jina lilikuwa lilelile.

"Unamjua mtu huyu?"

"Namjua kwa jina, bwana. Ni mtu wa upande wa kwetu."

"Si ndugu yako?"

"Kwetu sote tunaitana ndugu, bwana."

"Barua hii umeiandika wewe?"

Nilisikia mashine mbili za kupiga chapa zimenyamaza. Makarani wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa.

"Hapana, bwana."

Nadhani alijua. Nadhani pia nilikuwa na faida kwake, kwa sababu daftari langu halikuwa na kosa na yeye hakutaka kufundisha karani mwingine. Alinirudishia kitabu. "Bon," alisema. "Endelea na kazi."

Nilipomweleza mke wangu mchana ule hakuniuliza kwa nini nilikana. Aliuliza, "Watamupeleka wapi?" Nikasema bado, hilo Gavana ndiye ataamua. Nilikuwa bado natumaini daraja la juu. Nilijiambia bwana teritwari ni kijana, komiseri ni mvivu, lakini Gavana ni mtu mzima, ana mvi, ataona kidole kile cha mzee chini ya karatasi ya mirabamiraba, ataita faili, atauliza.

Jibu lilitoka baada ya wiki tatu, na lilipita mezani kwangu kushuka kama lilivyopita kupanda. Ukurasa mmoja. Mzee aondolewe, akae katika teritwari moja ya vilimani, mwisho wa jimbo upande wa mashariki, mpaka itakapoamriwa vinginevyo. Chini palikuwa na saini, lakini haikuwa ya Gavana. Palikuwa pamepigwa chapa "Kwa niaba ya Gavana, aliyezuiliwa", kisha saini ya katibu. Maana yake Gavana alikuwa safarini wiki ile. Hakuiona. Barua ilifika mpaka mlangoni kwake na hakuiona.

Sasa nilijua jambo ambalo papa mkubwa hakulijua, na amri ingechukua wiki mbili au tatu kushuka mpaka mtoni. Ilinipasa niende. Lakini kutoka mjini kulitaka karatasi, karatasi ilitaka sababu, na sababu ingesainiwa na yuleyule mkuu wa ofisi. Nilikaa siku mbili nikiitengeneza ile sababu kichwani. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu anafunga kitambaa cha safari.

"Dada yangu wa Yangambi amezaa," aliniambia. "Nimekwenda kwa ofisi ya cité, wamenipa siku nane."

"Dada yako amezaa mwaka jana."

"Mwaka huu amezaa tena."

Aliondoka kesho yake. Alirudi siku ya saba, miguu imevimba kwa kukaa mtumbwini. Alikaa kwenye kiti, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akanieleza. Alimkuta papa mkubwa anashona wavu. Alimwambia kila kitu; na nilipomwuliza kama kila kitu ni pamoja na kile nilichokisema ofisini, akasema ndiyo, alimwambia na hicho. Alimwambia vilevile ng'ambo ya mto kuna ukoo wa mama yake, avuke usiku huohuo, akae porini mpaka mambo yapoe.

"Akasema nini?"

"Akasema, atakimbilia inchi gani. Akasema ng'ambo nako iko bwana teritwari mwingine, na yule naye iko na komiseri wake. Ni wewe ulimufundisha hivyo."

Walimchukua siku kumi baadaye. Polisi wawili wa teritwari walimleta kwa boti mpaka bandarini hapa mjini asubuhi, yeye na mama mkubwa, ambaye alikataa kubaki. Wangesubiri pale uani lori la barua linalokwenda mashariki. Rafiki yangu mmoja wa bandarini alinitumia habari, nami saa ya mapumziko ya mchana nilikwenda.

Jua lilikuwa kali. Walikuwa wamekaa kivulini, ubavuni mwa ghala, juu ya mkeka wao wenyewe, polisi mmoja amelala karibu nao kofia usoni. Papa mkubwa alikuwa amevaa koti lake la baraza. Shingoni hapakuwa na medali. Nilipiga magoti mbele yake kumsalimu, nikiwa na suruali yangu nyeupe ya ofisi, na makuli waliokuwa wanapita na magunia walinitazama.

"Simama, mutoto," alisema. "Utachafua nguo ya kazi."

Nikakaa kwenye mkeka. Mama mkubwa alinipa samaki aliyefungwa kwa majani, kama ambavyo alikuwa ananipa nikirudi shule. Yeye hakunitazama.

Kwa muda tuliongea mambo mengine. Aliniuliza vilimani kukoje, nikasema nasikia kuna baridi, na ng'ombe wengi. Aliuliza kama kuna mto. Nikasema viko vijito. Akacheka kidogo, kwa pua tu.

Kisha akauliza: "Barua yetu ilifika kwa Gavana mwenyewe?"

"Ilifika, papa."

"Aliisoma?"

Nilikuwa nimeiona saini ile kwa macho yangu. Ningeweza kumwambia. Sijui mpaka leo kama nilimhurumia yeye au niliihurumia ile Serikali niliyokuwa nimemweleza siku ile mezani, yenye kila mtu mahali pake na kila barua na namba yake.

"Aliisoma," nikasema. "Yote."

Alitikisa kichwa polepole. "Bon," akasema. "Kama aliisoma na akakataa, iko mambo yake na Mungu." Akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa kuvuta nyavu. Lori lilikuwa bado halijaja, lakini kengele ya saa nane ilikuwa karibu kulia na nilitakiwa mezani. Niliaga. Nilifika ofisini kabla ya wenzangu.

Hakurudi. Aliishi vilimani miaka miwili na kitu. Habari ya kifo chake ilifika kwa njia ya kawaida, kutoka kwa bwana teritwari wa kule kwenda kwa komiseri wake, na kutoka kwa komiseri kuja jimboni, mistari minne, ugonjwa wa mapafu. Nikaipa namba. Wakati huo kijiji chetu kilikuwa kimekwisha hamia barabarani. Wavuvi walilima pamba mbaya, wakatozwa faini kwa pamba mbaya, na vijana wakakimbilia mjini mmoja mmoja. Wengine walilala kwangu wiki, wengine mwezi, mpaka ofisi ya cité ilipoanza kuuliza.

Mama mkubwa alirushwa kutoka dawati hadi dawati. Kule vilimani walimwambia arudi kwao. Sekta ikasema yeye ameandikwa vilimani na mumewe, jina lake lilifutwa katika daftari lao. Ofisi ya cité ikasema mjini anaweza kukaa siku nane. Nilimwombea siku nane, halafu nyingine nane, mwaka mzima, mpaka karani wa pale, mtu wa rika langu, akachoka akamwandikia kadi. Alikaa nasi Kabondo. Alimsaidia mke wangu kuchoma samaki wa kuuza, alilea watoto wetu, na mimi alinijibu nilipomwuliza kitu, hakunipa neno zaidi.

Siku moja nilishindwa. Watoto walikuwa shuleni na mke wangu yuko sokoni Mangobo. Nilimwambia, "Mama, kuna kitu nilimwambia papa pale bandarini, hakikuwa kweli."

Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Hakuacha.

"Alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Kama Gavana hakuisoma. Lori halijafika hata ku kilomita ya kumi, aliniambia. Akasema, mutoto yetu alitazama chini." Alitupa mashina kwenye sinia. "Akasema, haiko kosa yake. Sisi ndio tulimupeleka kwa kusoma, na sasa iko anasema kama wale waliomusomesha."

"Alikasirika?"

"Hapana," akasema. "Aliacha tu kutaja jina lako."

Mwishoni mwa miaka ile mambo yalianza kubadilika kwa haraka. Mjini tulipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa komuni zetu, na makarani wenzangu wawili walichaguliwa. Mkuu wa ofisi alipungua mwili kwa wasiwasi, akaanza kuniambia "bwana" badala ya "wewe". Yule bwana teritwari kijana alipandishwa kuwa msaidizi wa komiseri. Ile sekta yake ilitajwa katika waraka mmoja kama mfano mzuri wa kuigwa. Mimi nilifanywa karani mkuu. Mke wangu aliipiga pasi suruali yangu nyeupe asubuhi ile ya kwanza, na mama mkubwa, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisogeza miguu ili nipite.